Bahari ya Hindi na Mvua za Bonde la Mto Tana: Namna ya Kulifundisha Somo Hili katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mkufunzi anapokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, hukaa nyuma ya darasa na kuandika upungufu wa mwanachuo. Si mara nyingi akaukuta hapo upungufu wake mwenyewe. Mimi uliwahi kunikuta, na kwa kuwa huenda wenzangu wakanufaika nao, nitauanzia hapo.

Ilikuwa mapema mwaka 2023, katika shule moja ya nyanda kame zisizo mbali na Mto Tana. Mwanachuo alikuwa akifundisha darasa la sita habari za bahari na mvua. Somo lake lilikuwa safi: andalio limepangika, ramani imechorwa vizuri, sauti yasikika mpaka nyuma. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Bahari ikiongezeka joto, mvua huongezeka." Watoto wakainakili sentensi hiyo katika madaftari yao. Akaeleza kwamba bahari za dunia zinazidi kupata joto mwaka hata mwaka. Hapo mvulana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa bahari inazidi kupata joto, na joto la bahari huleta mvua, mbona sisi tumekosa mvua misimu mitano, na ng'ombe wa baba wamekwisha?"

Mwanachuo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Keti. Hilo halimo katika somo letu la leo." Mvulana akaketi. Hakuuliza tena.

Baada ya kipindi nilimwita mwanachuo kando ili nimwonye kwa kulikwepa swali. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, nimefundisha kama nilivyofundishwa." Niliporudi chuoni nikafungua maandishi yangu ya mihadhara. Sentensi ile ilikuwamo, kwa mwandiko wangu, neno kwa neno.

Sentensi hiyo si uongo, lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikifundishwa kama kweli nzima humfanya mtoto aache kuyaamini macho yake mwenyewe. Mtoto yule alikuwa ameona sawasawa. Wala hakungoja sana kuuona upande wa pili: mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023, mto ule ulifurika na kuwaondoa watu majumbani mwao. Ukame na gharika vilitoka katika bahari ile ile. Mwalimu asiyeweza kulieleza jambo hilo hajalijua somo lake bado.

Nia ya makala haya ni mbili: kwanza, kueleza kwa lugha nyepesi jinsi joto la bahari linavyotawala mvua katika bonde la mto wa nchi za joto, pili, kuonyesha hatua ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzifuata darasani kwa zana asizohitaji kununua. Nimeuchagua Mto Tana wa Kenya kwa sababu bonde lake limo katika eneo ambamo nguvu ya Bahari ya Hindi juu ya mvua za vuli huonekana waziwazi.

1. MAMBO ANAYOPASWA KUYAJUA MWALIMU

(a) Joto na mvuke

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalozuiwa duniani na gesi zinazotokana na kuchoma makaa, mafuta na misitu huingia baharini. Bahari ya Hindi imepashwa kuliko wastani wa bahari za dunia: kati ya mwaka 1951 na 2015, maji ya juu ya sehemu yake ya tropiki yaliongezeka joto kwa kiasi cha digrii 1 ya Sentigredi. Mtoto ataona digrii moja ni kitu kidogo. Mwalimu amwonyeshe kuwa si kidogo, kwani bahari ni kubwa mno, na tena hewa iliyopata joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Hewa iliyobeba ndoo 100 za maji yaweza sasa kubeba 107.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokomea, tukasema basi mvua itaongezeka. Lakini kuwa na uwezo wa kubeba si sawa na kutua mzigo mahali fulani. Hewa yenye mvuke mwingi hunyesha pale inapopanda juu, ikapoa, na mvuke ukageuka matone. Pale hewa inaposhuka kutoka juu, mawingu hutawanyika na jua huwaka, hata kama bahari iko karibu. Basi swali si moja tu, "Bahari ina joto kiasi gani?" Liko na la pili: "Joto hilo liko upande gani?"

(b) Mizani ya bahari

Tuichukue Bahari ya Hindi kama mizani yenye vitanga viwili. Kitanga cha magharibi kiko upande wetu, mbele ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Kitanga cha mashariki kiko mbele ya kisiwa cha Sumatra, katika nchi ya Indonesia.

Katika miezi ya vuli ya mwaka wa kawaida, upepo wa katikati ya bahari, kwenye Ikweta, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo huo huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea Sumatra. Huko hewa hupanda na mvua kubwa hunyesha. Kwetu hewa hiyo huelekea kushuka. Hii ni sababu mojawapo ya Afrika ya Mashariki kuwa kavu kuliko nchi nyingine zilizo juu ya mstari huo huo wa Ikweta.

Kuna miaka ambapo mambo hugeuka. Upepo wa kutoka mashariki hupata nguvu, maji yenye joto hurundikana upande wetu, na mbele ya Sumatra maji ya baridi hupanda kutoka kilindini. Ndipo hewa inapopanda huku kwetu na vuli huwa nzito mno. Wanasayansi huiita hali hii ncha-mbili chanya ya Bahari ya Hindi. Ikiwa kitanga cha Sumatra ndicho kilichozidi joto kuliko kawaida, huitwa ncha-mbili hasi, na vuli yetu huwa haba. Jambo hili lilielezwa rasmi mwaka 1999 na wanasayansi wa Japani na India, Saji na Yamagata wakiwa miongoni mwao.

(c) Bahari ya mbali

Bahari ya Hindi haifanyi kazi peke yake. Katika Bahari ya Pasifiki maji hupata joto na kupoa kwa mzunguko wa miaka michache. Wakati wa joto huitwa El Niño, na wakati wa kupoa huitwa La Niña. Mara nyingi El Niño huisaidia vuli yetu, na La Niña huipunguza. Zikikutana El Niño na ncha-mbili chanya katika mwaka mmoja, mvua yaweza kupita kiasi. Zikikutana La Niña na ncha-mbili hasi, ukame waweza kuwa mkali.

(d) Dunia inapoongezeka joto

Mizani hii ilikuwapo zamani, kabla ya viwanda na magari. Mwalimu asiseme kwamba iliumbwa na ongezeko la joto duniani. Lililoongezeka ni uzito unaotiwa katika vitanga. Mwaka ambao kitanga chetu ndicho kilichoelemewa, hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko zamani, na mafuriko huzidi. Mwaka ambao mvua imekwenda upande wa pili, joto lile lile huukausha udongo, malisho na visima kwa haraka zaidi, na ukame huuma zaidi. Makadirio ya wanasayansi yaonyesha pia kuwa ncha-mbili chanya zilizo kali mno zitatokea mara nyingi zaidi dunia ikiendelea kupata joto. Kwa hiyo jibu la yule mvulana lilikuwapo: bahari ilikuwa na joto kweli, lakini joto kubwa lilikuwa upande wa pili.

2. MTO TANA KAMA MFANO

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya; urefu wake wakaribia kilomita 1,000. Huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita katika mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huingia nyanda kavu za Garissa na Hola, na kuishia baharini karibu na Kipini. Maji yake mengi hutoka milimani. Ndiyo sababu mtu wa Garissa aweza kuuona mto umefurika hali kwake hakuna wingu. Mvua ilinyesha mbali, na kabla ya hapo mvuke wake ulitoka mbali zaidi.

Mwalimu awe na orodha hii ya miaka, kwani itamsaidia katika kipindi cha tatu:

Miaka ambayo kitanga cha magharibi kilielemewa na joto: 1961, 1997, 2006, 2019 na 2023. Katika vuli ya kila mmoja wa miaka hiyo mvua ilizidi na mafuriko yakatokea. Baada ya mvua za 1961, Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 katika muda wa miaka michache. Mwaka 1997 na 2023, ncha-mbili chanya ilikutana na El Niño. Mwaka 2019 ncha-mbili ilikuwa kali sana hata bila El Niño yenye nguvu, na huko upande wa mashariki nchi ya Australia ikapatwa na ukame na moto mkubwa wa misitu. Kitanga kimoja kilipoelemewa na mvua, kingine kilikauka.

Miaka ambayo kitanga cha mashariki kilielemewa: 2010, 2016 na 2022. Kila mmoja ulifuatwa au kuambatana na ukame. Ule wa karibuni ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa kuwa La Niña ilidumu kwa miaka mitatu, na kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilipungua mno. Zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa nchini Kenya. Hii ndiyo misimu mitano aliyoihesabu yule mvulana.

Viumbe wa bonde

Watoto hudhani kuwa furiko ni adui siku zote. Mwalimu awaonyeshe kuwa mto una haja ya kufurika kwa kiasi. Kandokando ya Tana ya chini upo msitu mwembamba wenye mikuyu na miti mingine mirefu, katikati ya nchi kavu. Msitu huo hauendi mbali na kingo, kwa maana huishi kwa maji ya chini ya ardhi ambayo mto huyajaza unapofurika. Ndani yake wamo mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, kima wawili wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani. Furiko la kiasi huleta tope lenye rutuba, ambalo wakulima wa Kipokomo hulitumia kwa mpunga, ndizi na miembe. Huyafungulia samaki kama kambare na perege mabwawa ya kuzalia. Hustawisha nyasi ambazo wafugaji wa Kiorma huzitegemea wakati wa kiangazi.

Furiko likipita kiasi, huondoa nyumba na mazao, na hubomoa kingo zenye miti. Tena katika mabonde madogo ya nyanda kavu kuna mayai ya mbu yawezayo kukaa udongoni miaka mingi yakingoja maji. Baada ya gharika ya 1997 na ile ya 2006, mbu walizuka kwa wingi na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu katika sehemu za Garissa na kwingineko.

Mto ukipungua mno nako ni hatari. Katika delta, nguvu ya mto ndiyo inayoizuia bahari. Maji matamu yakipungua, maji ya chumvi hupanda na kuingia mashambani, na mpunga hufa. Mikoko nayo hustawi pale maji ya chumvi na maji matamu yanapochanganyika kwa kiasi chake. Mwalimu asisahau pia kuwa mabwawa ya juu yamebadili mwendo wa mto: hupunguza mafuriko ya kawaida, na yanapojaa katika mwaka wa mvua kubwa hayawezi tena kuyazuia maji yote. Kwa hiyo si kila badiliko la bonde litokalo baharini.

3. HATUA ZA KUFUNDISHA

Napendekeza vipindi vinne. Mwanachuo aliye mbali na Tana atumie mto wa mahali pake, na autumie Tana kwa kulinganisha.

Kipindi cha kwanza: Kuanzia mtoni

Usianze na bahari. Anza na kile mtoto alichokiona. Uliza: "Mto wetu ulijaa lini mara ya mwisho? Ulikauka lini? Maji yake hutoka wapi?" Andika majibu yote ubaoni, hata yale unayoona si sahihi, wala usicheke lolote. Kisha fuateni mto kwenye ramani kuelekea chanzo chake. Mwisho wa kipindi toa kazi ya nyumbani: kila mtoto amwulize babu, nyanya au jirani mzee mwaka wa mafuriko makubwa anaoukumbuka, mwaka wa njaa au kiangazi kikuu, na majina ambayo watu waliipa miaka hiyo.

Anzeni pia kupima mvua. Chukua kopo lenye mdomo na kitako sawa, liweke mahali pa wazi, na mtoto mmoja apime kwa rula kila asubuhi. Wafundishe kuwa milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ni mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 50 hulimwagia lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Ongeza asilimia 7, nazo ni lita 168, karibu pipa zima. Hesabu hii hulitia uzito wa kweli neno "digrii moja".

Kipindi cha pili: Majaribio mawili

Jaribio la kwanza ni la mvuke. Tia maji ya baridi katika bakuli moja na maji ya moto katika jingine. Maji ya moto ayashike mwalimu mwenyewe. Funika kila bakuli kwa kipande cha karatasi ya nailoni iliyo angavu. Baada ya dakika chache watoto waangalie matone chini ya kila kifuniko. Waulize: "Wapi matone ni mengi? Kwa nini?" Wakishajibu, wamepata ile nusu ya kwanza ya kweli. Usiwaruhusu kuandika kanuni bado.

Jaribio la pili ni la upepo. Tia maji katika karai pana, nyunyiza pumba za mpunga juu yake, kisha mtoto apulize kutoka upande mmoja. Pumba zitakwenda kurundikana upande wa pili. Apulize mwingine kutoka upande ule, nazo zitarudi. Eleza kwamba pumba ni mfano wa maji ya juu yenye joto, na pumzi ni mfano wa upepo wa Ikweta. Andika "Afrika" kwenye karatasi moja na "Sumatra" kwenye nyingine, ukazibandike pande mbili za karai. Sasa uliza: "Pumba zikiwa Sumatra, mvua itanyesha wapi? Zikiwa Afrika je?" Watoto wenyewe wataitoa kanuni, na hapo ndipo uiandike ubaoni: "Mvua hufuata mahali maji yenye joto yalipo."

Usiache kuwakumbusha kuwa huu ni mfano tu. Upepo wa vuli katikati ya bahari usichanganywe na kusi na kaskazi wanazozijua watu wa pwani. Hizo ni pepo za misimu, zenye kipindi chake cha kujifunza.

Kipindi cha tatu: Miaka

Watoto walete majibu ya wazee wao. Chora safu mbili ubaoni, moja ya miaka ya maji mengi na nyingine ya kiangazi. Weka majibu yao kwanza, kisha uongeze orodha niliyoitoa hapo juu. Mara nyingi utaona kumbukumbu ya mzee imeangukia katika mwaka ule ule walioupima wanasayansi. Furaha ya mtoto anapoona kuwa neno la nyanya yake limo ubaoni haina kifani, na somo analolijua kwa njia hiyo halimtoki.

Iwapo jibu fulani halilingani na orodha, usilifute. Huenda mafuriko hayo yalikuwa ya masika. Mafuriko makubwa ya 2018 na ya 2024 katika bonde la Tana yalikuja wakati wa masika, msimu ambao ncha-mbili kwa kawaida haina nguvu. Hapo mtoto hujifunza jambo kubwa kuliko orodha, kwamba sababu moja haielezi kila kitu.

Kipindi cha nne: Viumbe na watu wa bonde

Ligawe darasa katika makundi matano: wakulima, wafugaji, wavuvi, msitu na wanyama wake, na mikoko ya delta. Soma ubaoni hali tatu, moja baada ya nyingine: mwaka wa furiko la kiasi, mwaka wa gharika, na mwaka wa ukame. Kila kundi lieleze hali yake. Wataona haraka kwamba mwaka mmoja hauwi mwema kwa wote, na kwamba hali ya kati ndiyo iliyowalea wote kwa muda mrefu. Hatari ya bahari inayozidi joto ni kuzifanya hali mbili za mwisho ziwe kali na za mara kwa mara, na ile ya kati ipungue.

Maliza kwa mambo ya usalama, na uyatilie mkazo kuliko yote. Mtoto asivuke maji yaendayo kasi hata kama yanaishia magotini. Asicheze katika mkondo mkavu siku ambazo mbingu za mlimani ni nyeusi. Asiguse mnyama aliyekufa baada ya mafuriko. Somo la mvua ambalo halikumlinda mtoto na maji limekosa shabaha yake ya kwanza.

4. TAHADHARI KWA MWALIMU

Kwanza, usiseme kuwa furiko hili au ukame ule "umeletwa" na ongezeko la joto. Sema kuwa joto huongeza ukali na nafasi ya kutokea. Pili, usiwatishe watoto. Hofu haifundishi. Waonyeshe kuwa hali ya mizani ya bahari hupimwa, na kwa sababu hiyo watabiri wa hali ya hewa huweza mara nyingi kutoa onyo la vuli wiki au miezi kabla haijaanza. Mkulima aliyesikia onyo aweza kuvuna mapema, na mfugaji aweza kuuza sehemu ya mifugo kabla haijakonda. Tatu, katika darasa lako wamo waliopoteza mali, na pengine jamaa. Usimtumie mtoto kuwa mfano mbele ya wenzake pasipo ridhaa yake. Lakini akiuliza mwenyewe, usimnyamazishe.

5. KUPIMA MAENDELEO YA SOMO

Usimpime mtoto kwa kumtaka akariri majina ya kitaalamu. Mpe maswali kama haya:

(i) Bahari yote ina joto, lakini upande wa Sumatra umezidi. Vuli yetu itakuwaje? Eleza sababu.
(ii) Mto wa Garissa umefurika lakini Garissa hapakunyesha. Yawezekanaje?
(iii) Taja kiumbe kimoja kinachonufaika na furiko la kiasi, na kimoja kinachoumia maji ya mto yakipungua mno.
(iv) Rafiki yako asema, "Bahari ikiongezeka joto, mvua huongezeka." Msahihishe.

Swali la mwisho nimeliweka kwa ajili yangu mimi mwenyewe. Sasa katika maandishi yangu ya mihadhara nimekwisha ifuta sentensi ile, na mahali pake nimeliandika swali la yule mvulana kama alivyoliuliza. Kila mwaka nawapa wanachuo wapya walijibu kabla sijawafundisha lolote. Wengi hushindwa mara ya kwanza, nami huwaambia si aibu. Mkufunzi wao naye alishindwa. Aibu ni kumwambia mtoto aliyeuliza sawasawa, "Keti."